Mlio wa 1959 Katika Vita vya 1836

Ni usiku. Ndani ya baa kuna wanamuziki wachache, na tajiri mmoja mwenye roho mbaya amewaamuru wapige wimbo fulani. Wapige, warudie, wasiache. Tarumbeta linasikika mtaa mzima mpaka jela, ambako sherifu analinda mfungwa wake. Kijana mmoja anamweleza sherifu maana yake: huu ndio wimbo Wameksiko waliowapigia watu wa Alamo, ngome ya San Antonio kule Texas, kabla ya kuwamaliza. Unaitwa Degüello. Ukipigwa, ujue hakuna atakayehurumiwa.

Hiyo ni filamu ya Rio Bravo, ya mwaka 1959. Mwaka uliofuata John Wayne, aliyecheza sherifu yule, alitengeneza filamu yake mwenyewe kuhusu vita vya Alamo vya mwaka 1836, watu wa Texas walipoiasi Meksiko, na tarumbeta lilelile likarudi, safari hii likilia nje ya kuta zenyewe. Tangu hapo, mtu akitaja Degüello, wengi husikia lahani hiyo.

Lahani hiyo aliitunga Dimitri Tiomkin, mtunzi wa muziki wa filamu.

Santa Anna, jenerali wa Meksiko aliyeizingira Alamo, hakuisikia kamwe.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kila nilipoirudia albamu ambayo bendi ya Asleep at the Wheel ya Texas ilitoa mwaka 2003 kwa jina la Asleep at the Wheel Remembers the Alamo. Jina linasema bendi inakumbuka Alamo. Sawa, lakini mwanamuziki wa kantri anapoikumbuka Alamo, anakumbuka nini hasa?

## Nota tano

Baragumu la kijeshi la enzi zile ni bomba la shaba lililokunjwa, halina vali wala tundu la kuziba kwa kidole. Mpigaji ana midomo na pumzi, basi. Akikaza midomo sauti inaruka juu, akilegeza inaanguka. Wala hairuki popote atakapo. Inaruka hadi pale bomba lenyewe linapokubali. Kwa matumizi ya jeshini hizo ni nota tano: do, sol, do ya juu, mi, sol. Katikati yake re haipo, fa haipo, la haipo.

Ndiyo sababu milio ya jeshi hufanana karibu duniani kote. Inarukaruka kwa hatua pana na haitelezi.

Sasa isikilize Degüello ya Tiomkin. Inapanda na kushuka kwa nota jirani, inazungusha mwisho wa kila mstari kwa madoido ya Kihispania, inalia kama mtu. Uzuri wake umekaa kwenye zile nota ambazo baragumu halina. Hata kama mtu angekuwa ameshaitunga, isingeweza kupigwa kwa baragumu la jeshi alfajiri ya tarehe 6 Machi 1836.

Degüello halisi ilikuwa amri fupi ya jeshi iliyotoka Hispania, na jina lake linatokana na kitenzi cha kukata koo. Haikuwekwa ili imhuzunishe msikilizaji. Aliyeisikia aliogopa maana yake. Tena watu wa Alamo walikuwa wameshaambiwa maneno hayohayo kwa macho tangu siku ya kwanza: bendera nyekundu ilipandishwa juu ya kanisa la San Fernando, na Travis, aliyeiongoza ngome pamoja na Bowie, akaijibu kwa mzinga.

Mpangaji wa muziki anayetaka mlio wa kweli anaingia taabuni hapo. Fidla hupenda kupigwa katika funguo za G, D na A, kwa sababu nyuzi zake zikiachwa wazi zinatoa G, D, A na E. Baragumu hufungwa katika ufunguo mmoja tu, tuseme B bemoli. Ukizilazimisha fidla kwenda B bemoli, zinapoteza ule mvumo wa nyuzi wazi ambao ndio nusu ya ladha ya Texas. Ukilihamishia baragumu kwenye G, utahitaji chombo kingine. Wengi humaliza ubishi kwa kuchukua tarumbeta la vali, na wakishakuwa na vali mkononi, lahani ya Tiomkin iko karibu mno kuachwa.

Dawa ipo, nayo ni rahisi: liache baragumu peke yake, bila gitaa, bila ngoma, nusu dakika tu, kisha likatike ghafla kabla wimbo unaofuata haujaanza. Likiwa peke yake halina wa kugombana naye. Nusu dakika hiyo itakuwa kavu na mbaya masikioni, na ndivyo inavyotakiwa iwe.

## Kufa mara nne

Kuzingirwa kwa Alamo kulichukua siku 13, kuanzia tarehe 23 Februari. Shambulio la mwisho lilianza kama saa kumi na moja na nusu alfajiri, gizani, na jua lilipokuwa likipanda kazi ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo siku kumi na mbili na zaidi ni kungoja, na kifo ni saa moja na ushei.

Baladi za kantri zinaupindua uwiano huo. Kungoja kunapewa ubeti mmoja, kifo kinapewa kiitikio.

Peke yake, baladi moja inavumilika hivyo. Nyimbo hizi zilitoka kila moja kwenye santuri yake, na zilikuwa na dakika tatu za kusimulia kisa kizima kwa mtu aliyewasha redio katikati. Taabu huanza zinapokusanywa. Kila moja inaanza mwanzo na kuishia mwisho. Travis anakufa katika wimbo wa pili, anafufuka katika wa nne, anakufa tena. Crockett, mwindaji maarufu aliyekuwa naye ngomeni, vivyo hivyo. Ikifika nusu ya albamu, msikilizaji ameshazika ngome moja mara nne, na kifo cha tano hakimpati tena.

Yapo mambo ya kufanya. Chukua baladi moja iwe uti wa mgongo, uikate: beti mbili mwanzoni mwa albamu, mbili katikati, ya mwisho mwishoni. Nyimbo nyingine zipunguzwe beti za kufa, zibaki na mtu mmoja au jambo moja. Katikati weka vipande vya fidla bila maneno, maana kungoja hakuna maneno. Na ile ngoma ndogo ya kijeshi inayotetemeka chini ya kila wimbo wa vita itumike mara moja tu. Ikisikika katika wimbo wa kwanza, ikifika wa saba masikio yameshaacha kuisikia.

Msikilizaji wa Kenya aliyekulia kwenye Jim Reeves na Kenny Rogers za redioni atalielewa hili upesi. Anajua kwamba kantri hukupiga pale inaposema kidogo.

## Muziki wa kucheza

Asleep at the Wheel ni bendi ya dansi. Ray Benson na wenzake walianza mwaka 1970 na baadaye wakahamia Austin, na urithi wao ni ule wa Bob Wills, mfalme wa kantri ya dansi ya Texas: fidla mbili au tatu zinazokwenda pamoja, gitaa la stili lile linalolazwa, besi, ngoma, mapigo mawili ya kutembeza miguu. Ni muziki uliozaliwa ili watu washikane mikono Jumamosi usiku.

Inafaa kuwakumbuka waliochinjwa kwa mdundo huo?

Nilianza nikiamini haifai. Kilichonigeuza ni jina lenyewe. Katika nyimbo za Texas, Alamo si uwanja wa vita peke yake. Wimbo maarufu kuliko yote wa Bob Wills kuhusu San Antonio unaitaja Alamo kama mahali mtu alipompata mpenzi. Upo mwingine wa miaka ya arubaini, *Across the Alley from the Alamo*, unaohusu farasi na mwenye farasi waliotembea kwenye reli bila kuangalia nyuma. Alamo ndani yake ni anwani tu, upande wa pili wa uchochoro. Kwa watu wanaoishi hapo, jengo lile limesimama katikati ya mji. Watu wanalipita wakienda sokoni, wanapeana miadi mbele yake, wanalizoea. Hilo nalo ni kumbukumbu, na pengine ni la kweli zaidi kuliko ngoma ya kijeshi, kwa sababu halijidai kuwa lilikuwepo.

Baladi zinajidai. Hapo ndipo shaka yangu ilipohamia.

## Mwaka 1955

Tazama mambo matatu yaliyotokea mwaka mmoja.

Mwaka 1955 Tex Ritter alirekodi *Remember the Alamo*, wimbo uliotungwa na Jane Bowers. Baada yake uliimbwa na wengi, Johnny Cash akiwemo. Unaanza na Travis akichora mstari ardhini kwa upanga na kuwataka walio tayari kufa wauvuke. Unawahesabu watu 180. Unamwita Crockett kijana. Sasa, Crockett alizaliwa Agosti 1786, hivyo alikuwa na miaka 49. Kijana alikuwa Travis, mwenye miaka 26. Na ule mstari wa upanga ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1873, miaka 37 baada ya vita, na William Zuber, aliyedai kwamba habari hiyo ilitoka kwa mtu mmoja aliyekataa kuuvuka akatoroka.

Mwaka huohuo wa 1955, *The Ballad of Davy Crockett* ya George Bruns na Tom Blackburn, iliyotungwa kwa ajili ya vipindi vya televisheni vya Disney, ilishika namba moja Marekani kwa sauti ya Bill Hayes. Watoto wakavaa kofia zenye mkia wa mnyama.

Na mwaka huohuo, mjini Mexico, kilichapishwa kitabu cha kumbukumbu za José Enrique de la Peña, ofisa wa jeshi la Santa Anna aliyekuwepo vitani. Humo imeandikwa kwamba Crockett alikuwa miongoni mwa wachache waliokamatwa wakiwa hai, kisha wakauawa kwa amri ya Santa Anna. Wasomi wamebishana sana kuhusu ukweli wa maandishi hayo, na ubishi haujaisha. Lakini uangalie mwaka. Wakati redio za Marekani zinamwimba Crockett mwenye kucheka, kauli ya mtu wa upande wa pili ilikuwa inatoka mashineni, kwa Kihispania, bila gitaa.

Kuanzia 1836 hadi 1955 ni miaka 119.

Nyimbo tunazozihesabu kuwa sauti ya Alamo, pamoja na ile *Ballad of the Alamo* aliyoiimba Marty Robbins mwaka 1960, zote zimetoka katika kipindi cha miaka mitano au sita. Albamu ya 2003 ilipochota katika hazina hiyo, ilichota maji ya kisima cha miaka ya hamsini.

## Tamati

Sisi tunayo desturi ya kusimulia vita kwa shairi, na ndiyo iliyonisaidia kuona kinachonikera.

Ubeti wa utenzi wa vita una vipande vinne vyenye mizani nane nane, vitatu vya kwanza vina kina chao, cha nne kinabeba kina kimoja kinachopita utenzi mzima kama uzi. Baladi ya kantri nayo ina mistari minne kwa ubeti, ila yenyewe inahesabu mapigo: manne, matatu, manne, matatu. Vyote viwili vimejengwa ili viingie kichwani na kukaa. Mpaka hapo ni ndugu.

Tofauti iko pembeni. Mtunzi wa utenzi huanza kwa kumsifu Mungu, mara nyingi akaomba karatasi na wino, na mwishoni hujitaja: mimi ni fulani bin fulani, nimetunga mwaka fulani, na pengine idadi ya beti zake hizi hapa. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, alikuwa mtu wa pwani hiyohiyo na wa zama zilezile. Msikilizaji anajua sauti inatoka wapi.

Baladi ya Alamo haina dibaji wala tamati. Inaanza moja kwa moja ngomeni, gizani, kana kwamba mwimbaji alikuwa amechutama nyuma ya ukuta. Ukiwa peke yake wimbo unaweza kusamehewa. Albamu nzima ina jalada, na jalada lina nafasi. Mstari mmoja chini ya kila wimbo unatosha: umetungwa na nani, mwaka gani, kutokana na habari iliyochapishwa lini. Haupunguzi utamu hata chembe. Mimi nilipojua kwamba mstari wa upanga ulichapishwa 1873, wimbo wa Bowers ulizidi kunigusa, kwa sababu sasa nasikia ndani yake haja ya watu waliokuja baadaye ya kutaka wafu wawe walichagua.

## Mahindi

Yapo maneno ambayo kweli yalitoka ndani ya kuta, nayo ni barua ya Travis ya tarehe 24 Februari, kwa watu wa Texas na Wamarekani wote duniani. Mtunzi yeyote akiishika hukimbilia sentensi yake ya mwisho, ushindi au kifo, na namwelewa. Ina mapigo yake tayari.

Lakini barua haiishii hapo. Chini ya sahihi Travis aliongeza kwamba adui alipotokea, hawakuwa na hata busheli tatu za mahindi. Tangu wakati huo wamepata busheli 80 au 90 katika nyumba zilizoachwa na wenyewe, na wameingiza ng'ombe 20 au 30 ndani ya kuta.

Ameshaandika kwamba atakufa. Kisha akakumbuka kuandika kuhusu mahindi.

Kwangu huo ndio wimbo ambao albamu ya Alamo inauhitaji kuliko mwingine wowote. Wa mwendo wa polepole, mapigo matatu, gitaa moja. Kijana wa miaka 26 anahesabu chakula cha watu ambao amekwisha kuwaandikia kifo, na mahindi yenyewe ni ya majirani waliokimbia. Hauhitaji hata risasi moja.

Wimbo wa pili ambao ningeuweka ni wa Joe. Joe alikuwa mtumwa wa Travis. Alikuwa ukutani naye shambulio lilipoanza, akamwona akipigwa risasi, akatoka hai, na mwezi huohuo akawasimulia viongozi wa serikali mpya ya Texas yaliyotokea. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu dakika za mwisho za Travis yalitoka kinywani mwake. Baada ya kuwasimulia, alirudishwa kwenye mirathi ya Travis kama mali. Meksiko ilikuwa imepiga marufuku utumwa mwaka 1829. Katiba ya jamhuri ya Texas ya 1836 iliuhalalisha. Tarehe 21 Aprili 1837, siku ya kutimia mwaka mmoja tangu watu wa Texas walipomshinda Santa Anna huko San Jacinto, Joe alitoroka.

Mtunzi atakayemwimba Joe atakuta neno "uhuru" limekaa katika kila kiitikio cha albamu, likimsubiri. Asiliondoe. Alirudie vilevile, kwa lahani ileile, katika kinywa cha Joe.

## Wimbo wa mwisho

Albamu ikifuata baladi, itaishia San Jacinto: dakika 18 za mapigano, askari wa Jenerali Houston wa Texas wakipiga kelele kwamba wanaikumbuka Alamo, fidla zote juu. Ni mwisho unaochezeka. Ningeuweka nafasi ya pili kutoka mwisho.

Wa mwisho ungekuwa na fidla moja katika D, bila ngoma, na ungehusu tarehe 25 Februari 1837. Santa Anna alikuwa ameamuru maiti za walinzi zichomwe. Karibu mwaka mzima majivu yalikuwa yamebaki palepale katika malundo matatu. Aliyewafanyia maziko ni Juan Seguín, Mtexas mwenye asili ya Meksiko, ambaye alitumwa nje ya ngome kupeleka ujumbe na hivyo akapona. Majivu ya malundo mawili madogo yaliwekwa katika jeneza lililofunikwa kitambaa cheusi, likapelekwa kanisani, kisha likarudishwa kwa maandamano hadi lundo kubwa, bunduki zikapigwa, na Seguín akahutubia kwa Kihispania. Miaka mitano baadaye naye alilazimika kuukimbia mji huo, akaenda Meksiko.

Gregorio Esparza hakuwemo katika majivu yale. Ndugu yake Francisco, aliyekuwa upande wa jeshi la Meksiko, aliomba ruhusa akamzika.

Jeneza lile lilikuwa na maandishi upande wa ndani wa kifuniko. Wamekufa watu karibu 200, na yaliyochongwa ni majina matatu: Travis, Bowie, Crockett.

Kisha kifuniko kikafungwa.